Jina la Mume

Ukoo mzima uliamini kwamba Kabula, bibi yake Nyamizi, alivuka mpaka peke yake, ametelekezwa na mumewe. Leo, katika ofisi ya mpakani, karani alimfungulia Nyamizi daftari la zamani la wasafiri.

"Huyu hapa, dada. Kabula." Akasoma: "'Jina la mume: amekataa kulitaja, asema kwao ni mwiko. Amemwonyesha kwa kidole kwenye foleni. Wanacheka wote wawili.'"

"Kumbe walikuwa pamoja!" Nyamizi akapiga kigelegele hadi walinzi wakachungulia.

Karani akatoa fomu ya kuombea nakala. "Na wewe, mumeo anaitwa nani?"

Nyamizi, huku akicheka, akanyoosha kidole dirishani, kwa mwanamume aliyekuwa uani akimenya muwa.