Dua ya Mama In-ho

Mara ya tatu Pan-su alipofumba mdomo, Mama In-ho aliyaminya mashavu yake kwa vidole viwili, polepole, na kijiko cha uji wa mchele kikapita. Kisha akamfuta kidevu kama mtu anavyomfuta mtoto.

"Anadeka tu huyu," alimwambia mchungaji. "Atakula."

Mchungaji Seok aliketi karibu na mlango, magoti ameyakunja, akijiona mdogo. Alikuwa mgeni katika kanisa hilo la bondeni, naye alikuja na siri: imani ilikuwa imemtoka. Alihubiri kama mtu anayesoma tangazo. Alikwisha kuazimia avumilie mpaka mpunga uvunwe, kisha aage, arudi Seoul akatafute kazi nyingine.

Kilichomzuia ni chumba hiki.

Kijiji kizima kiliijua habari ya mgonjwa huyu. Mwaka wa vita, jeshi la kaskazini lilipokalia bonde, Pan-su alijifunga kitambaa chekundu mkononi, akawatoa kanisani wana wawili wa mama huyu na kuwatumbukiza hai katika shimo la mgodi uliokufa. Vita vilipopita alifungwa. Alipoachiliwa, kiharusi kikamwangusha akiwa njiani, asibakiwe na kinachomtii ila macho, taya na vidole vya mkono mmoja; hata kusema hakuweza. Ndugu zake wa damu walimkana. Aliyekwenda kumchukua, akimsukuma kwenye mkokoteni, ni Mama In-ho.

"Sisi wengine upendo tunauimba," jirani, Mama Deok-ja, alimwambia mchungaji siku moja, huku akitia kabichi chumvi. "Yule anaupika na kuulisha. Mimi mume wangu akikohoa mara mbili tu namwambia ahamie zizini."

Kila alfajiri, kwenye sala, Mama In-ho ndiye aliyetangulia kupiga magoti. Dua yake ilikuwa ileile, kwa sauti ya chini: "Bwana, usimchukue Pan-su. Mwongezee siku." Hakuomba mvua. Hakuiombea miguu yake iliyovimba. Mchungaji alimsikiliza. Kama imani ya kweli ingalipo duniani, alijiambia, basi ni hii.

Uji ulipokwisha, mchungaji akasogea kwenye godoro.

"Mama, ungependa nimwombee msamaha wa dhambi zake? Anaweza kuitikia kwa macho. Hata kumbatiza tungeweza."

Mama In-ho alikuwa akimgeuza mgonjwa ubavu. Alikuwa hodari wa kumgeuza; miaka yote hiyo kitanda hakijamtoa kidonda hata kimoja.

"Bado, Mchungaji. Mwombee uhai. Hayo mengine niachie mimi na Mungu wangu."

Machozi yakamtiririka Pan-su. Vidole vyake vikadaka mkono wa koti la mchungaji na kuung'ang'ania, ikabidi mama avibandue kimoja kimoja. Mchungaji Seok alishuka kilima akilia. Hakuwa ameona toba ya namna ile, wala shukrani ya namna ile.

Mpunga ukavunwa, asiondoke. Baridi ikakaza, na mapafu ya Pan-su yakajaa. Daktari aliletwa, akamsikiliza kifua, akatikisa kichwa.

"Mwache apumzike, mama. Ninayo dawa ya kumtuliza. Ataondoka bila maumivu."

"Ya kumtuliza sitaki," alisema Mama In-ho. "Nataka ya kumponya."

Akambeba mgongoni, akamfunga kwa shuka kama wabebavyo watoto, na kushuka naye katika theluji mpaka hospitali ya wilaya. Vijana wa kanisa walitaka kumpokea mzigo, alikataa. Mchungaji alifuata nyuma, akikanyaga alipokanyaga yeye.

Kanisa likafunga na kuomba. Mchungaji Seok aliomba paji la uso likiwa sakafuni, na katikati ya maombi yale alishtuka kutambua kwamba anaomba kweli, kwamba upande wa pili yupo anayesikiliza.

Pan-su akapona, akarudishwa nyumbani.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri bila kutazama popote ila nyuso za watu. Alisema imani si maneno. Ni kijiko unachokishika kila siku mbele ya kinywa cha adui yako. Wanawake walilia, wazee wakainamisha vichwa. Mama In-ho mwenyewe hakuwepo, alikuwa na mgonjwa wake.

Ibada ilipokwisha, Mchungaji Seok alipanda kilima na sahani ya vitumbua vya mchele vilivyotumwa na akina mama. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Alitaka kumwambia yule mama jambo ambalo hajamwambia mtu: kwamba alikuwa amepotea, na yeye ndiye aliyemrudisha.

Alivua viatu barazani. Nyuma ya mlango wa karatasi alisikia kijiko kikigonga bakuli, kisha sauti ya mama, ya upole kama siku zote. Akasimama, asije akamkatiza.

"Ulitaka kunitoroka, Pan-su. In-ho aliita mama, mama, mpaka sauti ikamkauka. Mdogo wake akabaki anaita peke yake. Nami niko juu ya shimo, umenifunga mtini, nawasikia. Kufa ni kupumzika, na wewe hujachoka bado. Haya, fumbua mdomo. Leo alfajiri nimemwomba tena akuongezee siku, na Mungu wangu unamjua, hajaninyima hata mara moja."