Maji Yaliyoombewa

Ulimi wa Githae haudanganyiki. Mfunge macho, mpe kinywaji chochote kilichowahi kumiminwa kwenye glasi, na atakwambia ndani mna nini, kiasi gani, na aliyekichanganya alikuwa akimwaza nani. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na alikuwa ameshayasema mara nne tangu Carolyne aketi, huku akiponda majani ya mnanaa kwa mpini wa mwiko wa ugali.

Ujuzi huo aliupata kwenye hoteli moja kubwa ya Thika, alikofanya kazi kaunta. Wiki tatu. Nyuma ya kaunta, kwenye sinki, akiosha glasi.

Carolyne, anayeuza katika duka la dawa pale Ruiru, alikuja Kimbo, mtaani kwa Githae, Jumapili hiyo kwa sababu aliahidiwa kinywaji ambacho hajawahi kuonja. Njau, rafiki wa Githae, alikuja kwa sababu alisikia kuna kinywaji. Githae naye alikuwa na sababu yake. Kwa miaka miwili alikuwa na jambo la kumwambia Carolyne, na kwa miaka miwili lilikuwa likifika kwenye meno linarudi tumboni. Leo, alijiambia, glasi mbili zitalisukuma.

Shida ilikuwa friji, maana hakuwa nayo. Wapangaji wote wa ploti waliweka vitu vyao kwa Mama Irshad, jirani wa mlango wa pili, mama mkarimu asiyekataa maziwa ya mtu wala samaki wa mtu. Pombe tu ndiyo haivuki kizingiti chake. Kwa hiyo Ijumaa Githae aliimimina pombe yake kali nyeupe kwenye chupa ya maji, akampelekea kwa mikono miwili, akasema ni maji yaliyoombewa na mama yake huko Thika. Mama Irshad aliyapokea kwa heshima na kuyasukuma nyuma kabisa, watu wasiyaguse.

Jumapili saa kumi alipoenda kuyachukua, mwenyewe alikuwa kwenye swala. Githae hakungoja. Alifungua friji, akapenyeza mkono nyuma ya chupa zilizojipanga kama watu kwenye foleni, akachomoa yake, akabeba na barafu, akatoka mbio kabla hajaulizwa maombi yanaendeleaje.

Alikamua ndimu sita na chungwa moja juu ya mnanaa, akatia sukari, akamimina kutoka kwenye chupa kwa mkono wa mtu asiye na huruma. Vyote akavitia kwenye themosi ya chai pamoja na barafu, akaitikisa juu ya bega la kulia, kisha la kushoto, vile alivyokuwa akiwaona wengine wakifanya.

Akaonja wa kwanza. Alifumba macho, akakizungusha kinywaji shavu hadi shavu, akameza, akatikisa kichwa kama mtu aliyepigwa kofi na rafiki.

"Kali hii," alisema. "Asilimia arobaini na tatu. Mkunywe polepole."

Carolyne akaonja, akakohoa kidogo, akakubali kwamba inachoma. Njau akasema yake imeshafika magotini.

Glasi ya pili, Njau alivua viatu. Ya tatu, alimpigia simu mwalimu wake mkuu wa zamani, mzee aliyestaafu anayejilimia kahawa, akakiri kwa machozi kwamba ndiye aliyeuza kengele ya shule. Mzee alimuuliza kama amelewa. Njau akasema ndiyo, sana, na hajawahi kuwa mkweli hivi. Carolyne alicheka mpaka akaegemea bega la Githae, akasahau kutoka. Alisema ukuta unazunguka, lakini si vibaya.

Githae aliisikia kali ikipanda taratibu na kukaa nyuma ya macho. Masikio yalikuwa moto. Lile jambo likafika kwenye meno, na safari hii halikuona sababu ya kurudi.

"Carolyne," alisema, "mimi nakupenda tangu ile siku uliniuzia dawa ya minyoo."

Njau akaacha kulia ili asikie vizuri.

"Miaka miwili, Githae," Carolyne alisema. "Nilidhani unangoja minyoo irudi." Akamshika mkono. "Mimi pia nakupenda. Na Jumamosi twende Thika nimwone huyo mama yako. Lakini ukiniuliza kesho, nitasema ni pombe iliongea."

"Hata mimi nitasema hivyo," Githae akamwambia.

"Hata mimi," Njau alisema kutoka sakafuni, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama Mama Irshad, bado na mtandio wa swala, mkononi chupa inayotoka jasho la baridi. Githae aliisukuma themosi nyuma ya kiti kwa mguu.

"Kijana wangu, ulibeba maji yangu ya kunywa, yale nimechemsha leo asubuhi," alisema. "Yako ndiyo haya, hayajapungua hata tone. Nilifungua tu nihakikishe." Akaiweka chupa mezani, mbali na pua yake, akazitazama zile glasi moja baada ya nyingine. "Mwambie mama yako maombi yake ni makali. Na kesho uje unioshee friji."

Githae alionja tena glasi yake, na safari hii ulimi wake ukapata ndimu, chungwa, mnanaa, sukari na maji. Njau aliitazama simu yake. Carolyne akautazama mkono wake, uliokuwa bado ndani ya mkono wa Githae, akauacha hapo hapo.