Redio ya Majaribio

Mwajabu alifika kwa Fundi Kasiani akitokea kiwanda cha sabuni, sare yake imepauka mgongoni. Redio yake ilikuwa mezani, inaimba.

"Imepona?"

"Inaimba tangu asubuhi. Ngoja jua lizame, dada. Sitoi redio bila kuijaribu."

Mwajabu akaketi, akavua viatu, akatoa barua mfukoni. "Hebu nisomee. Nimeomba likizo ya ugonjwa, wamenijibu hivi."

Kasiani akasoma. "Wanasema hustahili. Uko kwenye muda wa majaribio."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Wanakutazama kwanza kama kazi unaiweza. Kama mimi na redio hii."

"Wewe unaitazama siku ngapi?"

"Moja. Ikishinda bila kukatika, basi."

Mwajabu aliikunja barua taratibu. "Mimi huu ni mwaka wa kumi na moja."

Jua lilikuwa bado juu, lakini Kasiani aliizima redio, akaigeuza, akaandika kwa chaki mgongoni mwake kama alivyozoea: NZIMA.

Mwajabu akaitia kwapani, akashika njia. Fundi alibaki mlangoni, chaki mkononi, akiutazama mgongo wa ile sare.