Kibati Namba 41

Pasi iligonga kitu kigumu ndani ya mfuko mdogo wa suruali ya mchumba wake. Fundi cherehani aliingiza vidole, akatoa kipande cha bati chenye namba 41, bado cha moto.

Alikijua. Mwezi uliopita naye alipewa cha namna hiyo kwenye foleni ya kupima virusi vya ukimwi, na nesi alikipokea mlangoni kabla ya kumtoboa kidole. Hakuna aliyepimwa bila kukirudisha.

"Mimi nimeshapima," alimwambia mchumba wake siku ile. "Na wewe ukipima, ndipo tutaacha kondomu." Maneno hayo yalimchukua wiki nzima kuyapata. Kesho yake kijana alirudi akicheka: "Niko safi kama sahani ya mgeni!" Naye akaamini, na tangu hapo pakiti ya kondomu haikuguswa tena kabatini.

Mlango ukagongwa. "Fundi wa moyo wangu, suruali tayari?"

"Bado kidogo." Alikifumba kibati kiganjani. "Hebu niambie, siku ile ya kupima, nesi alipokea nini kwako mlangoni?"

"Apokee nini? Tabasamu langu tu, bibie! Au unamwonea wivu nesi wa watu?"

Kijana alicheka peke yake.

Fundi alichomoa pasi ukutani. Akaikunja suruali taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, akakiweka kibati juu yake.

"Kakirudishe," alisema. "Na mimi nakwenda kupima upya."