Kanga Amtafutia Jaji Kura

Hapo kale, nilipokuwa bado na nywele kichwani, Mahakama Kuu ya wanyama haikuwa na jaji. Jina la Nungunungu lilikuwa bungeni likisubiri kupitishwa kuwa jaji, lakini wabunge waliliahirisha kila kikao, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kushtakiwa.

Kanga, aliyeibiwa mayai na Kenge, akamfuata Mheshimiwa Nyani.

"Mheshimiwa, mpitisheni Nungunungu. Ni mwadilifu sana."

"Mama Kanga, huo uadilifu ndio unaotutia wasiwasi."

Kanga akawaza kidogo. "Na Ngiri aliyefukua mihogo yako, umemsamehe?"

Nyani akasimama. "Yule? Afungwe."

Kwa Mheshimiwa Ngiri akakumbusha ubaya wa Mheshimiwa Fisi, kwa Fisi akakumbusha ubaya wa Nyani. Kesho yake Nungunungu akapitishwa kwa kura zote, na makofi juu.

Mahakama ilipofunguliwa, jaji akaagiza, "Walalamikaji kulia, washtakiwa kushoto."

Kanga akaenda kulia. Kenge akaenda kushoto, ganda la yai likiwa bado mdomoni. Waheshimiwa wakabaki katikati, mguu huku mguu kule, wakinong'onezana:

"Hivi huyu alipitishwa na nani?"