Kiu ya Mama Mkwe

Bi Mwanakombo, mama mkwe wangu, figo zake zimekufa na hana kiu hata kidogo. Kiu yake ninayo mimi. Ndiyo sheria ya siku hizi: mgonjwa anayesafishwa damu kwa maji ya dawa yanayotiwa tumboni huondolewa kiu, asije akanywa mpaka maji yakamjaa mapafuni akafa. Mwenye afya nyumbani humbebea. Shekue, mume wangu, alisema kazi yake haimruhusu, basi kidude cha kuipokea kiu yake kikapachikwa nyuma ya sikio langu.

Nikinywa haisaidii. Tumbo linajaa na koo linabaki kavu vilevile, kwa sababu kiu inatoka kwenye mwili wake, si wangu.

Naye anajua. Chumvi amekatazwa, lakini kila mchana huagiza ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, kwa jirani, akamtafuna polepole huku ananitazama, mfuko wake wa dawa ukining'inia ukutani.

"Leo amekolea chumvi," alisema. "Mbona unalamba midomo?"

"Mama, nakuomba uache."

"Nilimwambia Shekue asikuoe," alisema, akachukua kipande kingine.

Niliinuka nikaenda jikoni. Nilirudi na jagi la maji ya baridi, nikamjazia glasi na kuisogeza mpaka ikagusa vidole vyake.

Aliacha kutafuna.

"Mimi sina kiu," alisema.

"Ninayo mimi," nikamjibu. "Kunywa, mama."