Daftari la Dalili

Siku ya kumi na mbili ya mionzi, mshonaji alisinzia juu ya cherehani saa nne asubuhi, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Mumewe, seremala, alikitoa kitambaa mikononi mwake taratibu, akamfunika mabega, akarudi jikoni.

Tangu operesheni ya titi, seremala alikuwa ameifunga karakana na kushika jiko. Alipika kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto ameuegemeza kiunoni kama mpishi wa hoteli kubwa. Mchana alijilaza na gazeti lililofunguliwa ukurasa uleule wa jana.

"Kula, mke wangu," alibembeleza. "Hata kwa kunionea huruma."

Mkewe akasema supu ina ladha ya maranda. Seremala akajibu kwamba maranda anayajua, na haya yameiva vizuri.

Muuguzi alikuwa amewapa daftari la dalili. Likaangukia kwa mke, maana mwandiko wa seremala ulisomwa na seremala peke yake, tena akiwa na bahati. Kila jioni mshonaji aliandika namba, sifuri hadi kumi: uchovu, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, huzuni. Wiki ya kwanza zilikuwa mbilimbili. Wiki ya tatu zikawa saba na nane, zimepanda pamoja kama watu waliopeana ahadi.

Daktari, mama mpole wa miwani, alizipitia akitikisa kichwa.

"Hizi ni ndugu wa tumbo moja," aliwaambia. "Akija mmoja, anawaita wenzake. Tumtulize mmoja, tuone. Tuanze na usingizi."

Akawaagiza watembee kila asubuhi, wote wawili, na taa izimwe saa tatu usiku.

Wakatembea. Siku ya kwanza waliishia duka la kona, wakapumzika juu ya kreti za soda. Baada ya wiki walikuwa wanauzunguka uwanja wa shule, seremala akikosoa kila mlango waliopita. Usingizi ukarudi. Uchovu ukaanza kufungasha. Jioni moja mshonaji akaomba bakuli la pili, mumewe akaitazama sufuria kana kwamba ndiyo iliyosema. Namba zikashuka: nne, mbili, moja.

Siku ya mwisho, kabla hawajaitwa kwenye chumba cha mionzi, daktari alilifungua daftari kwa furaha. Kisha akakunja uso. Dalili zimepanda na kushuka pamoja kama alivyotarajia, alisema, lakini mbona safu ya mwisho, ya ngozi, ni sifuri tangu mwanzo? Wiki tano za mionzi, bila hata kuwashwa siku moja?

Mshonaji aliangalia viatu vyake.

"Daktari, yeye kila nikimwuliza ananiambia hajambo," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa ningeandika nini? Nikaandika za kwangu."

Seremala, ambaye alikwishafungua vifungo vya shati ili aingie, alicheka mpaka ikabidi alishike kovu lake la operesheni kifuani.